Mikoba Iliyofanana na Yetu

Nilikuwa nimekwenda Kasumulu, mpakani, kununua zipu na bitana. Nilipotoka dukani nikaona mikoba midogo imetundikwa kwenye kamba kibandani, mingi, yote ina mchoro wa dada yangu.

Kwanza nilidhani ni ile niliyoshona mwenyewe. Nikaishika. Kitambaa kilikuwa chepesi, kinateleza, na rangi ilikuwa upande mmoja tu. Ukikigeuza, ndani ni cheupe. Mikanda ilikuwa imeanza kufumuka kabla mkoba haujabebwa na mtu. Lakini mchoro ulikuwa uleule: wadudu wa ziwa wanaoinuka majini kama moshi, nguzo nyeusi zinazojipinda juu ya bluu iliyoiva, na chini kabisa mstari wa rangi ya vyungu. Mchoro huo aliubuni dada yangu uani kwake, ng'ambo ya mto Songwe, upande wa Malawi, alikoolewa. Alichonga mihuri mwenyewe, akapika rangi mwenyewe, akatupa vitambaa vingi kabla hajapata alichokitaka. Mimi nilikuwa nashona mikoba Mbugani, na wageni wa ufukweni Matema walikuwa wanaiulizia hata kabla sijaimaliza.

Niliondoka pale. Nilipanga nimpigie nikifika nyumbani, nimweleze polepole. Yeye akaniwahi.

"Nimeiona sokoni Karonga," alisema. Hakunisalimia. "Niambie ukweli. Ulimpa nani kitambaa changu?"

"Sijampa mtu, dada. Hata mimi nimeiona leo Kasumulu."

"Kitambaa changu chote kinakuja kwako. Hakiendi kwingine. Sasa kimetokea mlango gani?"

 Ningekuwa yeye, na mimi ningeuliza hivyohivyo. Aliongea maneno mengine ambayo sitayaandika hapa, kisha akakata simu. Kuanzia hapo hakunitumia tena kitambaa, hata kipande.

Mavuno ya mpunga yalitukutanisha kwa mama, kijijini Ngana. Dada alikuja na mumewe. Aliniambia "Ugonile" kama mtu anavyomsalimu mpita njia, nami nikaitikia. Tulikaa mkeka mmoja tukigeuza kakao inayokauka juani, mikono yetu ikikaribiana bila kugusana. Shemeji alikuwa mchangamfu kuliko kawaida yake. Alibeba magunia, alimtania mama, alinisifia chai. Wakati ule niliona anajaribu kutupatanisha, na moyoni nilimshukuru.

Mama alituangalia mpaka akachoka. "Nyinyi mna nini?"

"Hatuna kitu," alisema dada.

"Mama, anadhani nimemwibia," nilisema.

Mama aliinuka akaenda jikoni. Hakurudi kukaa nasi siku ile.

Baada ya mavuno nilirudi Kasumulu kwa yule muuza mikoba. Alikuwa mama mtu mzima, anayevuka mpaka kila mara kununua na kuuza, na anaifahamu familia yetu. Nilimwomba aniambie mzigo ule aliupata wapi. Nilijiandaa kukataliwa, lakini alinitazama kama anayeshangaa swali.

"Mimi nanunua kwa tajiri mmoja anayeleta kutoka Dar," alisema. "Lakini sampuli si ilitoka kwenu? Mume wa dada yako alimkabidhi hapahapa, mbele yangu. Nilidhani mmekubaliana wote."

Nilikaa kwenye kigoda chake. Nikanunua mkoba mmoja.

Kwa siku kadhaa nilishona sketi za shule nikakosea, nikafumua, nikakosea tena. Nikinyamaza, nitabaki mwizi kwa dada yangu. Nikisema, nitakuwa nimeingiza mkono ndani ya ndoa yake, na pengine asiniamini hata hivyo. Ningeonekana mtu anayejitetea kwa kumchafua shemeji yake. Kumpigia shemeji pembeni sikutaka, nisije nikageuka mtu wa kushirikiana naye siri.

Mwishowe nilivuka daraja nikaenda kwao.

Nilifika mchana. Dada alikuwa amezamisha mikono kwenye beseni la rangi, shemeji anakula ugali na samaki kivulini. Aliponiona alinikaribisha kwa sauti kubwa. Nikauweka mkoba juu ya meza, karibu na sahani yake.

"Umekuja kunionyesha nini?" dada aliuliza. "Nimeshaiona."

"Nimeununua Kasumulu. Muuzaji ameniambia sampuli ilitoka kwa nani. Mimi sitamtaja, dada. Nimekuja ili mwenyewe aseme."

Dada alimaliza kuzamisha kitambaa chake, akakikamua, akakianika. Kisha akageuka. Hakuniangalia mimi. Alimwangalia mumewe, na mumewe alikuwa ameacha kutafuna.

Shemeji alinawa mikono taratibu sana. "Ni mimi," alisema.

Alieleza kwamba tajiri alimwahidi oda kubwa, kwamba dada angechapa kitambaa kwa majora na wangejenga banda la kazi. Alitaka kuja na habari njema ikiwa imekamilika. Tajiri akapotea na sampuli, na aliporudi, alirudi na mikoba. Niliamini maelezo yake. Nadhani hata dada aliyaamini.

"Kitambaa basi," alisema dada. Sauti yake ilikuwa chini mno. "Lakini ulikuwa umekaa hapohapo nikimtukana mdogo wangu kwenye simu. Ulinisikia. Ukaendelea kula."

 Dada alivua aproni, akaingia ndani, akafunga mlango. Tukabaki wawili pale uani, mimi na shemeji, rangi ya bluu ikidondoka ardhini kutoka kwenye kamba. Niliogopa kuondoka na niliogopa kubaki. Dada alipotoka, macho yake yalikuwa makavu. Alinipakulia chakula, akakaa karibu yangu mpaka nilipomaliza, kisha akanisindikiza hadi barabarani.  Tulipoagana alinishika mkono akauchelewesha mkononi mwake, na rangi yake ikabaki kiganjani mwangu.

Hakurudi kwa mama kulalamika, wala hakumwacha mumewe. Mchoro wa wadudu aliacha kuuchapa. Mikoba ya bandia ipo kila gulio sasa, na wateja wakiona yetu ya zamani wanauliza kwa nini ni ghali. Ana mchoro mwingine, ninaushonea sasa. Kitambaa huniletea mwenyewe Mbugani, hamkabidhi mtu tena. Na nikienda kwao, shemeji akiingia uani wakati tunachagua rangi, dada huvuta shuka akafunika kitambaa, huku akimuuliza kwa upole kama ameshakula.