Kamba ya Mbele

Bi Shekha, muuza mahamri wa mtaa wa Barani, Malindi, hakuwa mwalimu wala kiongozi wa vijana. Lakini kila Desemba, sisi vijana tulipokwenda kwa miguu kutoka Gede hadi Malindi tukivuta mikokoteni ya vyombo, kuwakumbuka mababu waliohama hivyo mwaka wa njaa, yeye alitembea nyuma pamoja na waliochoka.

Mwaka 1984 aliyechoka nilikuwa mimi. Malengelenge yalinipasuka, nikakaa kando ya barabara, nikasema nitapanda gari.

"Tumpakie na masufuria," Athman, mwenzetu wa mkokoteni mmoja, akacheka.

"Wewe nyamaza," Bi Shekha akamwambia. Akanivua viatu, akanifunga nyayo kwa vipande vya kanga yake, kisha akanipa kamba ya mbele ya mkokoteni wetu. "Wazee walihama hivi. Mnyonge hutangulia, wengine wakafuata mwendo wake."

"Basi tutafika lini, Bi?" Athman akauliza.

"Atakapofika yeye."

Nikavuta. Hakuna wa mkokoteni wetu aliyenipita, hata Athman. Tulipofika Barani mikokoteni mingine ilikuwa imeshafika zamani, na pilau imebaki ukoko. Bi Shekha akaukwangua, akanipa mimi kwanza.

Hadi leo nikipika pilau, naiacha iungue kidogo chini.