Siku Dima Alipoingia Kumjulia Bibi Hali

Kengele ndiyo iliyotangulia. Kongo, kongo, kongo, ile ya mti anayovikwa ng'ombe shingoni, ikaja mbio kutoka upande wa malisho, na mimi niliyeketi chumbani kati ya wageni nikajua, kabla sijaona hata pembe, kwamba nimekwisha. Hadi leo nikipita kijijini Minjila wapo wanaonililia "mooo".

Bibi yangu alikuwa kitandani tangu masika, miguu imekataa, na wakubwa wakienda malishoni au sokoni Garsen sisi watoto ndio tuliokaa naye: kumsimulia ya shule, kumsuka, au kumshika mkono tu akinyamaza. Wiki ile aliacha kula. Hata maziwa, akiletewa, anageukia ukutani. Nikamwekea sauti ya ng'ombe kwenye simu ya mama (niliona nimevumbua dawa), akasikiliza, akasema, "Ng'ombe wa simu hana harufu, mjukuu wangu."

Basi nikaenda zizini nikamletea ndama. Ndama tu, mdogo, ana ubaya gani? Akamlamba Bibi vidole, na Bibi akafumba macho kama mtu anayepokea salamu za kwao. Mara nikasikia hodi: shangazi, aliyekwisha kata tamaa, amemleta ustadhi amsomee Bibi Yasini, na nyuma yao wanawake wa kijiji. Kwa woga nikamsukuma ndama nyuma ya kitanda nikamfunika leso. (Mimi, mtoto wa wafugaji, nikasahau kwamba ng'ombe anayerudi na kiwele kimejaa humtafuta mwanawe popote alipo.)

Ustadhi ndio kwanza afungue msahafu, ndama akalia. Kengele ikajibu nje. Dima, ng'ombe wetu mwekundu, akaingia bila hodi, akakanyaga viatu, akamwaga chai, akazoa mtandio wa shangazi kwa pembe, akamfikia mwanawe akasimama, makalio yameziba mlango, hakuna wa kutoka. Kelele zetu zikamtia hofu, naye akajisaidia palepale, pembeni ya mlango, alipoketi ustadhi na kanzu yake nyeupe.

"Nani kaleta ndama ndani?" shangazi akafoka kutoka nyuma ya kabati. Nilitamani mto ufurike unichukue.

"Msimpige! Mkimpiga atazuia maziwa!"

Vichwa vyote vikageukia kitandani. Alikuwa Bibi, amejiinua kwa kiwiko. "Tulia, Dima, mama. Na wewe Hadija, ndama yuko, kiwele kimejaa, wangoja nini? Kamua!"

Nikakamua mbele ya wote. Bibi akapokea kikombe kikiwa na povu, akanywa hadi tone la mwisho, akaitazama kanzu ya ustadhi, akacheka mpaka kitanda kikalia. Shangazi alianza kucheka, akaishia kulia, akanikumbatia pamoja na mavi ya ng'ombe yaliyonijaa miguuni.

Nimeapa: ndama haingii tena nyumbani. Bibi akitaka harufu, tunambeba na kitanda chake hadi zizini.

Siku ile, nilipomvuta ndama kuelekea mlangoni, Dima alirudi kinyumenyume hadi nje. Ustadhi alitoka wa mwisho, viatu mkononi. "Mama, leo umenishinda," akamwambia Bibi, "Yasini nitakusomea siku utakapokataa maziwa tena." Akauvuta mlango nyuma yake, akautikisa kuhakikisha komeo limeshika.