Picha Isiyo na Hereni

Mkufunzi yule alikuja Karatu na begi la magurudumu, akakodi ukumbi wa hoteli moja ya barabara kuu, akatuambia sisi wauzaji wadogo wa mtandaoni kwamba tumelala. Tulikuwa wauza kahawa ya kusaga, wauza vitunguu saumu vya kifurushi, bwana mmoja anayekodisha mahema, na mimi ninayeuza kazi za shanga za akina mama wa Malambo. Jioni kila mmoja wetu alitoka na taa ya duara, stendi ya simu na kimaiki cha kubana kwenye kola, vyote vimetoka ndani ya begi lile lile. Mwenye macho haambiwi tazama, lakini siku ile macho yangu yalikuwa kwenye taa. Hata leo nikiiona imesimama kwenye kona ya fremu yangu ya duka natamani kuipiga teke.

Kabla ya hapo nilikuwa na blogu. Nilikuwa nikikaa kwenye fremu, wateja wakiwa hawapo, naandika makala ndefu juu ya kila kitu nilichouza: nani amekishona, alifundishwa na nani, kwa nini bluu imekaa kando ya nyeupe. Ili niandike ilinibidi niulize, na nilipouliza akina mama walinieleza huku wakiucheka ujinga wangu. Wasomaji hawakuwa wengi. Walisoma hadi mwisho, na baadhi yao walinunua.

Mkufunzi aliifungua blogu hiyo kwenye ukuta, mbele ya watu wote, akaivuta kwa kidole chini, chini, chini, mpaka ukumbi ukaanza kucheka. "Dada yangu," akasema, "hapa unamwandikia shangazi barua. Mteja ana sekunde tatu tu." Nikacheka pamoja nao. Kicheko changu hicho bado sijakisamehe.

Alitupa amri zake na sisi tukaziandika kwenye madaftari. Bidhaa moja, picha moja. Ondoa kwenye picha kila kisichouzwa. Maneno yasizidi mistari mitatu. Mteja asiyejibiwa ndani ya dakika moja amekwenda kwa mwingine, kwa hiyo simu ijibu yenyewe hata ukiwa umelala. Hilo la mwisho alinifanyia kwa mikono yake. Alichukua simu yangu, akabonyeza hapa na pale, akanirudishia huku akisema sasa nina mfanyakazi asiyeomba likizo.

Wiki hiyo hiyo nilishuka Mto wa Mbu, nikapanda gari linalokwenda Malambo kwa njia ya vumbi, stendi na taa vikiwa miguuni pangu. Akina mama walinipokea kama kawaida, kwa chai ya maziwa. Mzigo waliokuwa wameandaa ulikuwa wa mikanda ya shanga ya shingo za mbwa. Msomaji asishangae, wazungu wanapenda mbwa wao wapendeze, na mikanda hiyo ndiyo ilikuwa inalipa ada za shule za watoto wa boma lao la Kimaasai. Nikamchagua mama mmoja mtu mzima, mwenye uso mzuri mno, mke wa mzee wa boma, ashike mkanda mikononi nimpige picha.

Tatizo, nilivyoliona mimi na akili yangu mpya ya ukumbini, lilikuwa mapambo yake. Shingoni alikuwa na shanga tabaka juu ya tabaka, na masikioni hereni ndefu zilizoshuka hadi mabegani. Jicho likimwangalia lilikwenda kwake, halikwenda kwenye mkanda wa mbwa. Nikamwomba avue.

Wenzake wakaweka shanga zao chini. Yeye akanitazama, akauliza, "Zote?"

"Zote, mama. Dakika tano tu, kisha unavaa."

Wakasemezana kwa Kimaasai kwa sauti ya chini. Kisha akaingia ndani ya nyumba, akakaa kidogo, akatoka akiwa mtupu shingoni na masikioni, akakataa kusimama pale uwanjani nilipokuwa nimeweka stendi. Akaenda nyuma ya nyumba. Wenzake wanne wakajipanga kati yetu na zizi, wametugeuzia mgongo. Nilidhani wananikingia jua. Nilifurahi hata, nikasema hawa wamama wanaelewa mambo ya mwanga.

Mimi si mtalii. Nimezaliwa Buger, kwa Wairaqw, na tumepakana na Wamaasai tangu enzi za bibi zetu, tukipigana, tukioana, tukiuziana mahindi na mbuzi. Kwetu nako nyumba yenye msiba ina alama zake, na mtoto anafundishwa mapema asiende kuomba moto pale. Kwa hiyo nisijifiche nyuma ya kutojua. Ningekuwa bado naandika zile makala za shangazi, swali lingenitoka lenyewe: mama, ukivua hizi, maana yake nini? Lakini makala hazikuwepo tena, na mistari mitatu haihitaji maswali.

Nikaondoka na picha. Nikaondoka pia na simu ya yule mama, ya kugusa, ambayo kikundi cha akina mama kilikuwa kimenunua kwa kuchangishana, ili nikaisafishe Karatu na kuiwekea mambo ya biashara. Ndiyo simu pekee katika boma lile iliyokuwa ikipatikana. Nikaizima, nikaiweka kwenye droo.

Picha ilifanya vizuri. Lazima niseme hivyo. Ngozi nyeusi, kitambaa cheusi, mkanda unang'aa katikati kama makaa. Oda zilikuja nyingi kuliko nilivyowahi kupata, na mkufunzi akaichukua akaiweka kwenye ukurasa wake, akaandika kwamba huyu ni mwanafunzi wake. Niliona fahari. Nilimtumia picha hiyo hata mume wangu aliyekuwa ameketi chumba cha pili.

Siku chache baadaye, asubuhi, mwanamume wa Kimaasai akaingia kwenye fremu yangu, amevaa shuka juu ya suruali ya mlinzi, kichwa kimenyolewa kikang'aa. Alinisalimu kwa adabu, akakaa, akasema amekuja kuchukua simu ya mama yake. Nikaelewa ni mtoto wa yule mama wa kwenye picha, anayelinda ghala moja huko Dar. Nikamkaribisha chai. Akasema hapana, kisha akaitoa simu yake, akaiweka mezani mbele yangu.

"Soma, dada," akasema.

Vijana wa Malambo wanaolinda Dar wana kundi lao la mtandaoni, na picha yangu ilikuwa imefika huko. Yeye alikuwa kwenye geti aliposikia simu inalia, akafungua, akamwona mama yake hana hereni, hana hata ushanga mmoja shingoni. Kwao mwanamke mwenye mume havui hereni hizo hadharani, na mume wake hapaswi kumwona bila hizo. Akizivua, kuna kaburi. Alipiga simu ya mama yake, haipatikani. Ilikuwa kwenye droo yangu, haipatikani kweli. Akampigia ndugu mmoja, naye alikuwa mbali na mifugo. Sauti ikikatika, ndugu akamwambia hajui la nyumbani, kama ana wasiwasi arudi akaone mwenyewe. Kwao, kama kwetu, msiba hausimuliwi kwenye simu. Mtu huambiwa tu arudi nyumbani. Kwa hiyo akaona ameshaambiwa.

Lakini kabla ya kuondoka aliandika kwenye ukurasa wangu. Ndiyo hayo aliyotaka niyasome.

"Huyu ni mama yangu. Nani amefariki?"

Na ukurasa wangu ulikuwa umemjibu papo hapo: "Asante mpendwa mteja! Bidhaa hii bado ipo. Wahi kabla haijaisha!"

"Naomba mnijibu. Ni baba?"

"Asante mpendwa mteja! Bidhaa hii bado ipo. Wahi kabla haijaisha!"

Aliuliza mara nne. Alijibiwa mara nne, kila mara ndani ya dakika moja, kama nilivyofundishwa. Mimi nilikuwa nafunga vifurushi vya mikanda ya mbwa, na jumbe za wateja zilikuwa nyingi kiasi kwamba za kwake nilizipita bila kuzifungua.

Akaomba ruhusa kazini, akanyimwa, akaondoka hivyo hivyo. Nafasi yake alipewa mwingine kabla hajafika Chalinze. Arusha akaingia kwa kinyozi akanyoa nywele, kama anavyonyoa mtoto aliyefiwa. Alipolikaribia boma, wa kwanza kumwona alikuwa baba yake, mzima wa afya, anahesabu ndama kwa macho pale mlangoni mwa zizi. Mzee aliona mwanawe anakuja bila taarifa, amenyoa. Akauliza nani amekufa.

Alinisimulia yote hayo bila kupandisha sauti, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Angenitukana ningepata pa kushikia. Nikampa simu ya mama yake, nikafuta picha mbele yake, nikazima yale majibu, halafu nikampigia mkufunzi nimwambie afute ya kwake. Nilimweleza kisa chote. Alinisikiliza vizuri, nikadhani ameguswa.

"Pole sana dada," akasema. "Lakini hiyo picha ndiyo iliyofanya vizuri kuliko zote kwangu, nikiitoa napoteza watu. Kwani huyo ndugu bado yuko hapo? Mshike, nikija wiki ijayo tumrekodi. Kisa kama hiki kinasambaa chenyewe."

Nilimwambia maneno ambayo mama yangu wa Buger angenitandika mdomoni kwa kuyasema, na sijutii hata moja. Alikata simu. Picha bado ipo kwake. Nimemwandikia, nimemripoti, wenye mtandao wamenijibu kwamba haikiuki taratibu zao. Mashine imenijibu mimi, ndani ya dakika moja.

Nilikwenda Malambo na yule kijana, gari moja, tumekaa kiti kimoja. Nilibeba sukari, majani ya chai na shuka mpya ya mzee. Mama alikuja kunipokea, hereni zake masikioni, akanishika mkono kama zamani. Nikamwuliza kwa nini hakuniambia. Akasema niliwahi kuuliza kila kitu, hata vitu vya kipuuzi, kwa hiyo siku nilipoacha kuuliza walijua nimeshajua, na kwamba nina sababu yangu. Nilitamani ardhi ipasuke. Wao walikuwa wamenipa heshima, na mimi nilikuwa nimewapa sekunde tatu.

Mzee alikuwa amekaa kwenye kigoda nje. Kiswahili chake ni cha shida, kwa hiyo mwanawe alitutafsiria. Niliomba radhi. Akapokea shuka, akaiweka magotini, kisha akaanza kuongea, na kijana akawa anaongea nyuma yake sentensi kwa sentensi. Alisema hana ugomvi na mimi. Shida yake ni mnada wa mifugo. Habari ya picha ilikuwa imetangulia hadi mnadani Wasso, na alipokwenda na ng'ombe wake wawili watu walimpisha njia. Mwenzake wa rika, mtu aliyetahiriwa naye siku moja, alikataa kumpa mkono hadi amguse kwanza begani kwa fimbo, aone kama ni mtu. Wengine walikuwa wameshamtaja kwa yale maneno wanayotumia kwa waliokwisha kwenda. Bei ya ng'ombe hakuna aliyeiuliza.

"Anasema," kijana akaniambia, "aliyewaambia watu kwamba amekufa ni wewe. Sasa uwaambie yuko hai. Umpige picha."

Huyu ni mzee ambaye miaka yote niliyofika pale alikuwa akigeuka akiona simu. Sasa alisimama mwenyewe, akajifunga ile shuka mpya, akashika fimbo yake ya kizee, nyeusi, iliyolainika kwa mikono, akanitazama sawasawa machoni. Sikumwomba avue kitu wala asogee. Nikapiga mara tatu.

Mtandao wa intaneti unapatikana juu ya kilima kilicho nyuma ya boma. Tulipanda wote, mzee mbele, mimi nikihema nyuma yake. Nikaandika, safari hii kwa urefu, kwamba huyu ni mume wa mama mliyemwona hapa bila hereni, kwamba yuko hai na mzima, kwamba kosa lilikuwa langu, na kwamba nawaomba walioisambaza ile ya kwanza waisambaze na hii. Nikatuma. Mzee akaegemea fimbo, akamwambia mwanawe kitu.

"Anauliza kama wamemwona."

Nikasema tusubiri. Tukasubiri hadi jua likaanza kuinamia magharibi. Ile ya mama ilikuwa imeleta mamia ya watu kabla sijamaliza kunywa chai. Hii ililetewa vidole sita vya kupenda, kimojawapo cha mume wangu. Kisha simu ikalia, mtu wa kwanza ameandika. Mzee akasogea karibu, akainamisha kichwa juu ya kioo asichoweza kukisoma, akangoja nimsomee.

Mtu huyo alikuwa anauliza ile fimbo inauzwa bei gani.