Dada Aliyetusomea Kisa cha Mtumwa

Juzi binti yangu alirudi kutoka shule na kitabu cha hadithi, akaketi jikoni kunisimulia. Msichana mtumwa amejifunza kusoma kwa kificho, lakini mbele ya bwana wake anajifanya hajui hata herufi moja. "Huyu mjinga, mama," akasema. "Mimi ningesema tu." Nilimkaripia mpaka akaiacha chai yake. Maskini, hakuwa na kosa. Wewe unayenifahamu ungejua kwamba hasira ile haikuwa yake. Ilikuwa ya zamani, ya shuleni kwetu karibu na Ngulyati, miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa kwa kila mtu.

Sisi pia tulikuwa na kisa kama hicho, nakala moja shule nzima. Ijumaa mchana mwalimu wa Kiswahili alitukusanya, darasa la tano mpaka la saba, chumba kinanuka jasho na dawa ya pamba tuliyokuja nayo kwenye nguo. Kitabu alimpa dada yangu wa darasa la saba atusomee. Nyumbani tulisema Kisukuma tu, lakini Kiswahili cha dada kilinyooka kama cha redioni. Siku bwana alipomwonyesha yule msichana gunia na kumuuliza limeandikwa nini, tulipiga madawati. "Msomee! Msomee huyo!" Msichana akajibu hajui. Wavulana wakazomea, wakamwita mwoga. Dada akafunga kitabu, kidole kikiwa ndani.

"Akisoma anauzwa mbali na mama yake," akasema. "Nyie mngefanyaje?"



Nyumbani alikisimulia upya kwa Kisukuma, sisi tukibangua karanga, sufuria ya michembe ikichemka na kutoa ile harufu tamu ya viazi vikavu. Bibi alifuta machozi kwa pindo la khanga. Baba, ambaye hadithi za jikoni hazikumhusu, aliacha kusokota kamba yake akatema mate chini. "Mshenzi mkubwa! Mtu unamuuzaje mtu?" Nilimpenda sana baba siku ile.

Msimu huohuo wanunuzi binafsi wa pamba walikuja na malori na mizani yao, ghala la chama cha ushirika likafungwa kufuli, na shule ikaanza kudai mchango wa kila kitu, hata chaki. Wakaja pia wageni kutoka upande wa Mwanhuzi, watu wa ng'ombe wengi, kumposa dada. Kwetu msichana aliyefaulu mtihani wa la saba alikuwa mzigo kwa baba yake, maana serikali ingemfuatilia. Aliyefeli alikuwa huru kuozwa. Kwa hiyo mtoto aliambiwa afeli. Kila mtu alilijua jambo hilo, na hakuna aliyelionea haya.

Baba alimwambia uani, mama akisonga ugali, wote tukisikia. "Ng'wana wane, kwenye mtihani uandike ovyo. Ukifaulu utanitia matatani."

"Na yule mtumwa, baba?" dada akauliza.

"Yule alikuwa mtumwa. Wewe ni mtoto wangu. Na siku hizi ni ruksa, kila mtu anapanga bei ya chake."

Baada ya mtihani tulikuwa shambani tunang'oa miti ya pamba ili ichomwe, viganja vikituwaka moto. Dada akaniambia bila kuinua kichwa: "Kukosa maswali yote ni kazi, mdogo wangu. Ilibidi kwanza nilijue jibu, ndipo nilikwepe." Akacheka. Mimi sikucheka.

Matokeo yalipotoka mwalimu alikuja kwa baiskeli. Akapewa kigoda na maziwa ya mgando. Baba akasikitika vizuri kabisa. "Kichwa kizito, mwalimu. Tufanyeje?" Mwalimu akamgeukia dada. Dada akapiga goti, akatazama chini. "Sikuelewa maswali, mwalimu." Walewale waliopiga madawati walikula nyama ya harusi ya dada wakacheza ngoma mpaka vumbi likafunika uwanja.

Wenzangu wa rika langu wakikutana huililia michembe, ngoma za mbina za baada ya mavuno, mabibi waliotulea. Vyote vimekwenda, sawa. Mimi siwezi kukaa nao nikalia hivyo. Ninachokitaka ni ile sauti ya Ijumaa mchana, na hiyo haikwenda yenyewe. Iliuzwa, na aliyeiuza alikufa akiitwa baba mwema.

Nilipomtembelea dada mara ya mwisho, mjukuu wake alikuwa anakohoa. Dada alikuwa akichambua mchele, anatoa vijiwe vidogo kuliko herufi. Akaweka ungo chini, akanipa chupa ya dawa.

"Nisomee hapa, mdogo wangu. Mimi sijui."

Nikasoma: kijiko kimoja, asubuhi na jioni. Nilipoinua macho kumtazama, yeye alikuwa anatazama mlangoni, ambako mumewe alikuwa ameketi akisikiliza.