Mdogo wangu aliigiza mwanafunzi mlevi kwenye filamu, na watu hawakutaka atoke humo

Wakuu, poleni na kazi.

Mimi humu ni msomaji wa kimya. Juzi niliwaona mnabishana kama filamu zinaweza kumfundisha kijana kunywa pombe. Wengi mlisema filamu ni filamu tu, mtoto mwenye malezi haigi ujinga.

Sikuwa na nguvu ya kujibu pale. Leo naeleza lililotokea nyumbani kwangu, na sitaongeza chumvi. Kiswahili changu ni cha Kisangani, mnivumilie.

Mimi ni dada, mtoto wa kwanza. Mama alifariki. Papa alienda kutafuta maisha upande wa Isiro, simu zake zikapungua mpaka zikakatika. Nikabaki na mdogo wangu Exaucé hapa mtaa wa Kabondo. Nasuka nywele, nina kibanda changu kando ya barabara, tunakula kwa hicho.

Exaucé alikuwa mtoto wa aibu. Ukimsalimia anaangalia vidole vya miguu yake. Ila alikuwa na kipaji kimoja: kuiga watu. Anakuigizia mchungaji anayekemea pepo mpaka unapaliwa na chakula. Akimaliza, anarudi kwenye ukimya wake.

Sasa kuna jirani yetu, Tonton Blaise (tonton ni mjomba), kazi yake ni kupiga video za harusi. Aliona vijana wa mtaa wanavyoisha kwa lotoko, ile pombe yetu kali ya mahindi na muhogo, akasema atatengeneza filamu ya kuwaonya. Nia yake ilikuwa safi, hilo nalisema mpaka leo.

Zilimchosha filamu za nje, zile ambazo wanafunzi wanakunywa kwenye party, wanarukia swimming pool na nguo, kesho yake wanaamka meno meupe na msichana amekubali.

"Hakuna mwenye anatapika mule," alikuwa anasema. "Hakuna mama mwenye analia."

Akamchukua Exaucé acheze mwanafunzi mlevi. Alikuwa na miaka kumi na tano. Kwenye chupa waliweka maji, maana lotoko na maji kwa macho ni kitu kimoja. Mdogo wangu hakuwa amewahi hata kuonja. Ule mwendo wa kuyumba alijifunza kwa kumfuata nyuma mzee mmoja mlevi wa mtaa wa Mangobo.

Kuna sehemu anafika shuleni amelewa, mwalimu anamsimamisha getini na kumuuliza kwa nini anatembea vile. Anajibu: "Mwalimu, miye siko mulevi. Barabara njo iko inalewa." Yaani si yeye, barabara ndiyo imelewa.

Baadaye kwenye filamu anafukuzwa shule, anaanguka mtaroni, anakufa. Mama yake anakaa chini kwenye matope anamlilia. Mimi mwenyewe nililia nilipoiona mara ya kwanza.

Ilionyeshwa Mangobo, Jumapili mchana, ukumbi umejaa.

Wakuu, watu walicheka! Ile sehemu ya getini walidai irudishwe nyuma, ikarudishwa. Simu zote juu, wanarekodi. Ilipofika mama anamlilia mwanawe, nusu ya watu walishasimama, vijana wanatoka mlangoni wakiyumba kama yeye.

Tonton Blaise alikuwa amesimama nyuma kabisa anawaangalia.

Bon, ndani ya muda mfupi kipande kile cha getini kilikuwa kwenye simu za mji mzima. Getini peke yake. Mtaro haukutumwa na mtu, mama naye hakutumwa.

Exaucé akapata jina. Wenye pikipiki wanampungia mkono, watoto wanamfuata. Yule mtoto wa kuangalia vidole vyake akaanza kutembea kichwa juu. Sitawadanganya, nilifurahi. Nilidhani aibu imemtoka.

Halafu wakaanza kumwita kwenye sherehe na kwenye vibaa vya pombe. "Cheza kidogo!" Anacheza, wanapiga makofi. Mwanzoni alikuwa anashika glasi ya maji. Kuna mtu mzima, baba wa watoto, akamwambia maji hayachekeshi, onja kidogo utacheza vizuri zaidi.

Hakuna aliyemuuliza umri. Sare ya shule alikuwa nayo mwilini.

Kwamba anakunywa kweli, mimi nilijua hivi. Siku moja mchana nina wateja watatu kibandani. Exaucé akaingia na ule mwendo wake. Wanawake wakapiga kelele za furaha, mmoja akasema, "Sema ile ya barabara!" Na mimi nikacheka, kichana kiko mdomoni.

Akatapika mlangoni. Wakacheka zaidi.

Akaanguka, kichwa kikagonga pembe ya ngazi ya saruji. Bado wanacheka. Mmoja akasema, "Huyu mutoto anajua kazi yake."

Mimi ndiye niliyenyamaza kwanza, kwa sababu harufu ya lotoko ilinifikia. Kisha nikaona damu. Nilipiga yowe, na hata hapo ilichukua muda wateja wangu kuelewa kwamba hakuna mchezo.

Tulimpakia kwenye pikipiki, mimi nyuma nikimshikilia. Alishonwa. Muuguzi alipomaliza kumfunga bandeji alimtazama vizuri, akatabasamu: "Si wewe ule wa barabara inalewa?" Akaomba picha naye.

Exaucé akatabasamu pia, na bandeji yake.

Nilienda kwa Tonton Blaise. Nilikuwa nimejiandaa kumtukana. Nikamkuta amekaa uani, nikamweleza, akafunika uso kwa mikono.

"Mwisho niliutengeneza, mama," akaniambia. "Nitawalazimisha namna gani kuuangalia?"

Nikamwambia afute kile kipande. Akasema atafuta kwenye simu ya nani na aache ya nani.

Tukakubaliana jambo moja. Exaucé, siku akiwa mzima, yaani hajalewa, aseme mwenyewe mbele ya kamera. Alikubali. Alikaa kwenye kiti, jeraha linaonekana, akasema kwa sauti yake ndogo: ile filamu tulicheza na maji, sasa nakunywa kweli, siwezi kuacha, tafadhali musinipe tena. Machozi yalimtoka. Hayakuwa ya kuigiza.

Tukaituma.

Wakuu, majibu yalikuja mpaka simu ikapata moto. Vicheko. "Part two imetoka!" "Ona anavyolia, huyu ni actor!" Wengine wakauliza filamu yenyewe wataiona wapi.

Alisoma yote. Nilijaribu kumnyang'anya simu, akanizuia kwa upole.

Tangu hapo hajajificha tena kunywa. Baada ya jeraha shule walimpokea tena mara moja tu, akaenda amelewa, getini kabisa, na wanafunzi wakamshangilia mwalimu akiwa amesimama pale pale. Hawakumpokea tena. Nimempeleka kwenye maombi, nimempeleka kwa daktari. Nimepita kwenye vibaa nikiwasihi wenye navyo wasimuuzie. Wananiambia hawamuuzii, watu wanamnunulia.

Wiki iliyopita alikuwa mzima asubuhi. Alifagia kibanda, akanichotea maji. Nikamkalisha, nikamuuliza kwa nini, mdogo wangu, kwa nini hauachi na unaona unavyoisha.

Aliniita yaya, kwetu ni dada mkubwa. Akasema:

"Yaya, nikikuwa muzima hakuna mutu ananiangalia."

Mchana wake alitoka, na nilipomsikia tena ni kwa makelele ya watu wanaoshangilia mtaa wa pili.

Nilichojifunza ni hiki, nacho hakinisaidii. Mtengeneza filamu anaweza kuweka kifo mwishoni, akaweka na kilio. Watu wanakata kipande wanachokipenda, na kijana mlevi ni kipande kitamu kwa kila mtu isipokuwa kwa wanaolala naye nyumba moja. Malezi niliyompa yalikuwa yale mnayoyasema. Hayakutosha mbele ya mji mzima unaopiga makofi.

Kama kuna mzazi au dada humu aliyewahi kumtoa mtoto kwenye pombe akiwa na umri huu, aniandikie hapa chini alivyofanya, hata kama ni neno moja. Wa kunilaumu pia mseme, nimezoea. Ila mwenye kile kipande kwenye simu yake, nakuomba usikiweke hapa. Mnaweza msicheke siku ya kwanza. Ya pili mtacheka, kwa sababu anachekesha kweli, na mimi ndiye ninayemfulia nguo.