Kiti cha Pili

Gari lenyewe lilikuwa la spoti, jekundu, la viti viwili, na lilikaa chini hivi kwamba kuku akikatiza barabara, dereva alitazamana naye uso kwa uso. Likiwashwa asubuhi, nguo zilizoanikwa uani zilikauka kwa mtikisiko. Anayebisha akawaulize majirani. Lilikuwa limeshapita mikono minne kabla ya kufika kwa fundi cherehani, mwanamke mnene wa vicheko, mshonaji wa sare za shule, aliyelinunua kwa akiba ya miaka tisa huku mumewe akishika kichwa kwa mikono miwili kama aliyefiwa.

Mume alikuwa msoma mita wa idara ya maji, mtu aliyezoea kuona tarakimu zikipanda tu.

"Mama watoto, nyumba hii ina watu watano. Unaleta gari la wawili! Watatu tufungwe juu kama magodoro?"

"Mtapanda kwa zamu. Bafuni si tunaingia kwa zamu? Mbona hujawahi kulia?"

Lakini gari lilikuwa na tumbo, tusidanganyane. Tairi moja lilimeza sare ishirini. Taa ya mbele ilisakwa mwezi mzima, ikapatikana yenye rangi nyingine, gari likawa kama lina chongo. Mvua ikinyesha, aliyekaa kushoto alioga. Fundi alishona, gari likala. Ila Ijumaa jioni, sare zikishapelekwa, alivua viatu, akakanyaga mafuta kwenye barabara ya kiwanda cha matofali, na mgongo uliokuwa umepinda wiki nzima ukanyooka kama kitambaa kilichopigwa pasi.

Mwishowe mume na mke wakakubaliana: likienda gereji tena kabla ya mwezi kwisha, linauzwa. Fundi akaapa, futi kamba shingoni.

Sasa, chumba cha mbele aliishi baba mkwe. Aliendesha malori miaka arobaini mpaka malori yakamla masikio. Hata bati likimwangukia nyuma, hageuki. Watu walichoka kumpigia kelele. Waliweka sahani, wakatabasamu, wakaondoka. Na mkwe wake? Miaka kumi na miwili walikuwa wakiishia kwenye "Shikamoo, Baba" na mkono wa kupunga. Heshima ilijaa mno, maneno yakakosa pa kukaa.

Siku moja mzee alitakiwa kwa daktari wa macho, na mume yuko kazini. Basi ikawa kiti cha pili. Aibu iliyoje! Mtu na mkwewe, bega kwa bega! Fundi alijibana mlangoni hadi kitasa kikamwachia alama ubavuni. Mzee naye alitazama nje kama mtu aliyekamatwa. Fundi akawasha.

Mzee akashtuka. Akaweka kiganja kwenye dashibodi, kisha akaegemeza mgongo wote.

"Mkwe! Nalisikia! Linaingia kwa mgongo!"

Hakunyamaza tena. Alisimulia alivyopakia chumvi lori zima, mvua ikamkuta njiani, akafika na magunia matupu na mbuzi arobaini nyuma wakiramba bodi.

"Arobaini, Baba?" fundi akauliza, huku akinyoosha vidole vinne.

Mzee akamtazama mdomo. "Haya, thelathini na tisa. Mmoja alichoka njiani."

Fundi alicheka hadi akakosea kona.

Tangu siku hiyo, kila jioni alipopita mlangoni na funguo mkononi, alimkuta mzee ameshavaa viatu.

Ikafika Jumanne, mwezi umebakiza siku tisa. Wako barabarani, mzee akakunja uso. "Simama. Gurudumu la mbele, kulia. Beringi inakufa."

Fundi hakusikia chochote. Ila aliikumbuka ahadi. Angenyamaza, nani angejua? Shahidi mwenyewe kiziwi. Akaangalia viatu vya mzee vilivyopakwa rangi vikang'aa, akawaza gurudumu likichomoka. Wakarudi polepole, na jioni akamwambia mumewe kila kitu.

"Nani kasema?"

"Baba."

"Baba kasikia?" Mume akacheka hadi machozi. Kesho yake fundi wa magari akaja na jeki, akalizungusha gurudumu pale pale uani. "Imekwisha hii. Wiki moja zaidi, gurudumu lingetangulia kufika mjini."

Mume hakucheka tena. Lakini ahadi ni ahadi. Jumamosi akaja mnunuzi, muuza simu mwenye miwani nyeusi. Wakafungua mlango, na ndani, kiti cha pili, mzee amekaa na kofia yake.

"Baba, shuka," mume akaonyesha kwa mikono. "Huyu amekuja kulichukua."

"Anataka lifti? Mwambie apande nyuma."

"Nyuma hakuna, Baba!"

Mzee hakusikia. Akapapasa kiti cha dereva. "Ingia, mwanangu. Nikuonyeshe kitu."

Mume hakuwahi kukikalia kiti hicho, kwa kisirani tu. Akaingia, akawasha. Mzee akamshika mkono, akaubana kwenye dashibodi chini ya mkono wake. "Sikia. Umesikia?"

Fundi alisimama kando, amefinya pindo la gauni lake. Mumewe hakuuondoa mkono.

"Nimesikia, Baba."

"Kaka," akasema muuza simu, "tunafanya biashara au hatufanyi?"

"Samahani, kaka. Hili lina mwenyewe." Akatoa kichwa dirishani. "Mama watoto, beringi inauzwa wapi?"

"Na ahadi yetu?"

"Tulisema likienda gereji. Limetoka hapa uani, hili?"

Fundi akageuka haraka wasimwone macho, akarudi kwenye cherehani yake. Sare thelathini zilimsubiri, na sasa na beringi. Nje, mzee alianza upya na mbuzi wake, wakawa hamsini. Gari liliunguruma pale pale lilipo, na msoma mita hakuitazama mita ya mafuta hata mara moja.