Mvua Ambazo Kopo la Papa Halikuziona

Enzi zetu mvua ilikuwa na mwenyewe. Hapa Kindu, nchi ingali inaitwa Zaïre, mwenyewe alikuwa Papa yangu, na watoto wote wa upande wa reli walimwita Papa Mvua, hata akiwa amesimama mbele yao. Wenzangu wa rika langu mnaikumbuka miaka ile. Asubuhi tunapanga mstari mbele ya bendera, tunaimba na kucheza ngoma za kukisifu Chama mpaka jasho linatuloanisha, ndipo mwalimu anafungua kitabu cha hesabu. Jumamosi salongo, kazi ya lazima, kila mtu na jembe lake barabarani. Majina ya ubatizo yamekatazwa. Mimi niliyebatizwa Bernadeta nikawa Ngalula, na siku moja Mama alipojisahau akaniita Beti katikati ya soko, aliziba mdomo kwa kiganja, akageuka kuangalia nani amesikia. Tulicheka nyumbani, lakini pale sokoni hatukucheka.

Papa alikuwa ametoka Kasai na kazi ya reli, kisha wakampa kazi ya kupima mvua. Nyuma ya nyumba yetu kulikuwa na uwanja mtupu usio na mti wala paa karibu, na katikati yake nguzo, na juu ya nguzo kopo la bati lenye mdomo wa duara. Ndani ya kopo mlikuwa na chupa. Kila siku saa kumi na mbili asubuhi Papa alivaa koti lake, akaenda pale, akamimina maji ya chupa katika kipimo cha kioo, akainama mpaka jicho lilingane na maji. Akaandika hesabu katika rejistre, kitabu chake cha mvua. Kisha akayamwaga maji chini na kurudi kunywa chai. Majirani wote walimwona akiyamwaga, kila siku ya Mungu.

Sisi watoto tuliliogopa kopo lile. Tulisema linakunywa. Mchezo wetu wa baada ya shule ulikuwa kusukumana uwanjani tuone nani atathubutu kuweka sikio juu ya bati. Wengi tulifika hatua tano tukakimbia, tukijifanya tumeitwa nyumbani. Aliyethubutu alikuwa Mwamini, rafiki yangu wa kukaa naye benchi moja, msichana wa pengo mbele na mdomo usiofunga. Alisimama juu ya tofali, akaweka sikio, akakaa hivyo mpaka tukaanza kumwita. Aliposhuka hakucheka.

“Inapumua,” alisema.

“Bongo!” tulimwambia. Muongo mkubwa!

“Nendeni musikie wenyewe, basi.” Hatukwenda.

Halafu kulikuwa na zile asubuhi. Mvua kubwa ya enzi zetu ilianza kuonekana kutoka upande wa Kailo, mbingu nyeusi kama sufuria ya wali iliyoungua, kuku wanapanda juu ya kuni kabla hata ya tone la kwanza. Ikishuka, bati zinapiga kelele mpaka Mama anatuamuru kwa mikono. Inanyesha mchana, inakesha, na kesho yake mapapai yamelala chini, vyura wako jikoni, barabara imechimbika hadi kiunoni. Papa anatoka na rejistre yake, anarudi, na uso wake si ule aliotoka nao. Ndani ya chupa mlikuwa na maji ya vidole viwili.

Papa hakuwa mtu wa mambo ya uchawi. Alilitoa kopo, akaliangalia juani kama lina tundu. Akalijaza maji, akaliweka mezani mchana kutwa, halikuvuja hata tone. Iliwahi kutokea mara mbili, mara tatu, na daima baada ya mvua za ngurumo, zile kubwa. Mvua ndogo zilipimwa bila shida. Mama alimwomba aandike tu hesabu ya kukisia, nani atajua. Alikataa. “Miye naandika yenye iko,” alisema. “Siandike yenye ningependa.” Lakini nilimsikia akimwambia kwa sauti ya chini, “Mvua kubwa inakataa kupimwa.” Kumsikia mtu mzima, tena Papa, akisema vile, kulinitisha kuliko kopo lenyewe.

Mimi nilijua. Nasema leo kwa sababu nimezeeka na aibu imechoka. Mimi ndiye niliyeamka wa kwanza nyumbani, kuwasha makaa ya babula, jiko letu dogo, kwa ajili ya chai. Asubuhi moja baada ya mvua ya ngurumo, ukungu umetanda uwanjani, niliona watu wanne wamesimama kulizunguka kopo. Vitenge vimewafunika vichwa. Mkono mmoja ulipanda, ukashuka, ukapanda mwingine. Nilidhani wafu wametoka kule makaburini kuja kunywa. Kisha mmoja akageuka na kutembea kuja kwangu, na nikaujua mwendo wake wa kuchechemea. Alikuwa Mama Mwamini, mama wa rafiki yangu, aliyekaanga mikate na kuiuza kando ya barabara yetu.

“Ngalula, mwana wangu, usiogope,” alininong’oneza. “Ni maji ya mutoto tu.”

Wazee wetu, mnakumbuka, walimwogesha mtoto mchanga kwa maji ya mvua ya ngurumo, ili ngurumo isije ikamshtua akakata roho. Lakini maji hayo hayapaswi kugusa paa wala udongo. Beseni ukiliweka uwanjani, matope yanarukia. Kopo la serikali liko juu ya nguzo, mdomo wazi kwa mbingu, safi kuliko yote. “Na Papa yako anayamwanga bure,” alisema Mama Mwamini. “Shiye tunachukua yenye anatupa.” Kwa akili yao, serikali iliandika mvua kwa kuangalia mbingu, maji yalikuwa mabaki. Alinipa mikate miwili ya moto, imefungwa katika jani. Nikala. Baada ya kila mvua ya ngurumo nilikula tena.

Mwaka ule mume wa Mama Mwamini akafa. Alikuwa mtu wa reli, na nyumba ilikuwa ya reli, kwa hiyo wakamwambia mjane atoke. Kiwanja pekee alichokipata kilikuwa bondeni, kando ya kijito kinachoteremkia mto Lualaba. Akaja kwetu jioni, akakaa kwenye kiti kifupi, mimi nikiwa pale pale ninachagua mawe katika mchele.

“Papa Mvua, weye uko na vitabu. Mvua ya kubomoa nyumba kule bondeni inakuyaka kila miaka ngapi?”

Papa alifurahi. Hakuna mtu aliyewahi kumuuliza kazi yake inafaa nini. Alitoa rejistre zote, hata zile za Wabeleji zilizoliwa na mende, akapitisha kidole ukurasa kwa ukurasa siku mbili nzima. Alipomwita tena, alisema kama mwalimu.

“Mvua ya namna ile iko mara mbili tu kwa miaka makumi mbili na ine. Unagawanya: moja kwa miaka kumi na mbili. Lakini sikia muzuri, Mama, mvua haisome kalenda. Inaweza kukuya mwaka huu, na mwaka kesho tena.”

Mama Mwamini hakusikia maneno ya mwisho. “Kumi na mbili! Mwamini atakuwa na nyumba yake na watoto! Aksanti, Papa Mvua, aksanti sana.”

Nilikuwa na neno moja kinywani. Ningesema tu, Papa, zile asubuhi za vidole viwili zihesabu kama mvua kubwa, maji yalitekwa. Papa angefuta, angegawanya upya, mjane angetafuta kiwanja kingine hata ng’ambo kule Alunguli. Nilimwangalia Mama Mwamini, naye akanitazama na kunikonyeza, kwa furaha yake, kama tuko na siri ndogo ya wanawake. Niliogopa mkanda wa Papa. Na mikate ile, Mungu anisamehe, nayo niliipenda. Nikaendelea kuchagua mawe.

Nyumba ilijengwa kwa matofali ya udongo. Mwamini alinivuta nikaone dirisha la chumba chake, dogo kama mlango wa banda la bata, akajivuna nalo wiki nzima. Haikupita mwaka. Mvua ilianza saa tisa mchana, ngurumo juu ya ngurumo. Mama yake alikuwa sokoni na mikate yake. Mwamini alikuwa ndani, ameachiwa chungu cha sombe, mboga ya majani ya muhogo, asikiache kiungue. Kijito kilipanda ghafla, kuta zikalowa zikalala, na watu waliofika mbio walikuta maji ya kahawia yanapita pale palipokuwa na nyumba. Wanaume walitafuta na mitumbwi siku tatu. Hawakumpata, mpaka leo.

Asubuhi ya kwanza baada ya mvua ile niliamka kabla ya wote. Nilikuwa nimeapa kumwambia Papa kila kitu. Nilikaa kwenye mlango wa jiko nikilitazama kopo, tangu ukungu ulipokuwa mzito mpaka ulipoanza kuondoka. Hakuna mtu aliyekuja. Wanawake wote walikuwa bondeni wanalia. Saa kumi na mbili Papa alitoka, nikamfuata. Alifungua kopo, akatoa chupa. Ilikuwa kavu. Si maji kidogo, kavu kabisa, na nilipoingiza kidole kikatoka na vumbi.

Papa alinitazama. “Nani alikuya hapa?”

“Hakuna muntu, Papa.” Na ilikuwa kweli! Mara ile moja ilikuwa kweli. Nitawasingizia vipi wanawake asubuhi ambayo hawakufika? Papa akafungua rejistre, akaandika yenye ilikuwa. Zéro.

Alikufa akiamini amekosea kugawanya. Sikumwambia kamwe.

Leo vijana wanaulizia mvua kwenye simu. Simu inawaambia itanyesha, nao wanatoka bila mwavuli, kisha wanakimbia wameshika nywele za kununua zisilowe. Wajukuu wangu nikiwasimulia kopo lililokuwa linapumua wanacheka hadi chini. Sisi tulikuwa waoga, sawa, lakini mvua ikinguruma tulijua nani hayuko nyumbani.

Bonde lile sasa limejaa nyumba, bati kwa bati. Mwaka jana injiniya mmoja kijana, mwenye adabu nzuri, alikuja kuomba rejistre za marehemu Papa, apate kujua mfereji wa bondeni uwe na upana gani. Nilimweleza yote, wanawake, ukungu, mikate. Nilimwambia siku ya Mwamini. Alifungua ukurasa, akatafuta, akaweka kidole.

“Lakini Mama, siku hii haikunyesha.”

“Ilinyesha, mwanangu. Ilimchukua mtoto.”

Alinihurumia, nililiona jicho lake. Akafunga kitabu, akanishukuru kwa mikono miwili, akaenda. Mfereji umekwisha kujengwa, kwa simenti nzuri na kwa hesabu za rejistre zile. Napita pale nikienda kumjulia hali mama yule, ambaye hadi leo tunamwita Mama Mwamini, na kwa magoti yangu haya ya uzee nauvuka kwa hatua moja.